Nguvu farasi 48: tuache stori za jaba, tupige hesabu

Haya, nimerudi. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya mafunzo ya hifadhidata, vumilieni hadi wiki ijayo. Leo nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ina magurudumu mawili.

Kisa kilianzia ofisini. Kabla ya maonyesho ya pikipiki ya Milan, yale ya Novemba 2024, kila mtu kwetu aliyewahi kushika usukani wa pikipiki alikuwa na "habari za uhakika" kuhusu BMW ndogo ya safari iliyokuwa inakuja. Mmoja alisema itakuwa na nguvu farasi 60. Mwingine akasema haiwezekani, itakuwa silinda moja kama ile ya zamani. Wa tatu, ambaye hubisha kwa sauti kuliko wote, akatangaza kwamba kwa kuwa itaundwa India, itakufa kabla ya kufika Naivasha. Na mimi, mtu mzima mwenye shahada ya hesabu, nikajitia mjuzi wa injini. Nikasema krenki yake itakuwa ya nyuzi 270, nikaweka dau la chakula cha mchana.

Nilishindwa. Nililipa kilo moja na nusu ya mbuzi, na ugali juu. Lakini kilichoniuma si ile nyama. Kilichoniuma ni kugundua kwamba sisi sote wanne tulikuwa tunapiga stori za jaba kuhusu jambo ambalo nusu yake lilikuwa limeandikwa kwenye sheria, wazi, kwa miaka zaidi ya kumi. Na ile nusu nyingine, iliyokuwa fumbo la kweli, tuliipita bila kuitazama.

Hoja yangu leo ni moja: tunakisia vitu visivyofaa kukisiwa, na vile vinavyofaa tunavipuuza. Nitathibitisha.

Nguvu farasi: mhandisi wa kwanza ni sheria

Chukua kalamu. Ulaya kuna daraja la leseni ya pikipiki linaloitwa A2. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2006/126, ambalo masharti yake ya leseni yalianza kutumika Januari 2013, linasema hivi: mwenye A2 asiendeshe pikipiki yenye nguvu zaidi ya kilowati 35, na nguvu hiyo isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa pikipiki. Kilowati 35 ni nguvu farasi 47 na nusu hivi, ambazo kwenye matangazo huandikwa 48.

Sasa gawa 35 kwa 0.2. Unapata ngapi?

175.

Novemba 2024 BMW wakafunua mfano wao walioupa jina Concept F 450 GS. Wakatangaza nguvu farasi 48 na uzito wa kilo 175. Jameni! Hiyo si siri ya maabara ya Munich. Hilo ni zoezi la darasa la sita. Mtu yeyote aliyejua kwamba pikipiki inalengwa kwa vijana wa Ulaya wenye A2 angeweza kuandika nambari zote mbili kwenye kiganja chake mwaka mzima kabla ya pazia kufunguliwa. Ingekuwa nyepesi kuliko kilo 175, wangelazimika kupunguza nguvu. Ingekuwa na nguvu zaidi ya 35, wangepoteza soko lote waliloikusudia. Pikipiki yenyewe ilipotoka rasmi, Novemba 2025, nguvu ilikuwa ileile 48, na uzito kilo 178. Kilo tatu juu. Basi.

Na mwenzangu wa nguvu farasi 60? Alikuwa anabishana na gazeti rasmi la Umoja wa Ulaya.

Sisi watu wa programu tunalijua kosa hili. Mteja anakuletea waraka wa mahitaji wenye mipaka miwili. Timu nzima inaketi siku tatu ikibishana kuhusu rangi ya vitufe na lugha ya kuandikia, na hakuna hata mmoja aliyesoma ukurasa wa kwanza. SOMENI UKURASA WA KWANZA.

Wala msidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Kwa nini barabara zetu zimejaa pikipiki za cc 100, 125 na 150? Ni kwa sababu Wakenya tunapenda injini ndogo? La. Ni bei, ni mafuta, na ni sheria pia. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, ilikuwa imechora mstari kwenye mchanga, na biashara yote ya boda ikasimama upande mmoja wa mstari huo. Hakuna mhandisi wa Pune wala Munich aliyeamua. Aliamua mtu wa hazina mwenye kalamu.

Jina si kipimo

Jambo la pili waliloshika kama kupe: "450". Watu walipiga hesabu za kila aina juu ya nambari ile. Injini ilipopimwa, kipenyo cha silinda ni milimita 72, mwendo wa pistoni milimita 51.6, silinda mbili. Piga hesabu mwenyewe: cc 420. Si 450.

Je, tulipaswa kushangaa? BMW waliwahi kuuza F 650 GS ya silinda mbili yenye cc 798. Wakauza F 700 GS yenye cc zilezile 798. Wakauza F 750 GS yenye cc 853. Kwao nambari ni jina la toleo, kama vile Windows 7 ilivyokuwa ndani yake toleo 6.1. Nambari ya toleo huandikwa na watu wa mauzo. Mwandishi wa programu akiiamini nambari ya toleo bila kufungua faili, mfukuzeni kazi.

Fumbo la kweli lilikuwa krenki

Sasa tuje kwenye kile ambacho kilikuwa wazi kweli, na ambacho ndicho mimi mwenyewe nilikikosea.

Injini ya silinda mbili zilizosimama sambamba ina swali moja kubwa: pistoni mbili zipishane vipi kwenye krenki? Kuna majibu ya kale. Ziende juu pamoja na kushuka pamoja, hiyo huitwa 360. Moja ipande nyingine ikishuka, hiyo ni 180. Au zipishane kwa robo mzunguko, hiyo ndiyo 270 maarufu. Yamaha waliiweka kwenye TRX850 mwaka 1995, na kuanzia Africa Twin iliporudi na injini ya silinda mbili sambamba kwa mwaka 2016, karibu kila mtu amekimbilia huko: Ténéré 700, Transalp ya cc 755, V-Strom 800DE, Tuareg 660. Hata BMW wenyewe, kwenye F 850 GS. Mlio wake unafanana na wa injini ya V, na waendeshaji wanaupenda.

Kwa hiyo nilisema 270. Sikufikiri. Nilinakili. Ni kama yule kijana anayechagua mfumo wa kuandikia programu kwa sababu kila mtu mjini anautumia.

BMW wakaja na 135.

Mara ya kwanza nilidhani wameandika vibaya. Kisha usiku ule nikafungua Python nikaandika mistari kumi na miwili hivi. Pistoni inapopanda na kushuka huvuta injini nzima pamoja nayo. Kuna mtetemo wa kwanza, unaokwenda sawa na mzunguko wa krenki, na mtetemo wa pili, unaokwenda mara mbili ya mzunguko na ambao kwa asili ni mdogo, kama robo ya ule wa kwanza. Kisha kuna kutikisika kwa kushoto na kulia, kama mashua yenye abiria wawili wanaosimama kwa zamu. Nikauita mvuto wa pistoni moja "1" na nikapata haya:

360: mtetemo wa kwanza 2.00, wa pili 2.00, kutikisika 0.
180: wa kwanza 0, wa pili 2.00, kutikisika 2.00.
270: wa kwanza 1.41, wa pili 0, kutikisika 1.41.
135: wa kwanza 0.77, wa pili 1.41, kutikisika 1.85.

(Wa pili upunguzeni hadi robo kabla ya kulinganisha na wa kwanza, msije mkanipigia kelele.)

Tazama safu ya kwanza. Mtetemo wa kwanza wa 135 ni karibu nusu ya ule wa 270. Na nguvu hizi hukua kwa mraba wa mwendo: ukizungusha injini mara mbili, mtetemo unakuwa mara nne. Injini ya cc 420 inayotakiwa kutoa nguvu farasi 48 haina njia ila kuzunguka sana, na kweli kilele chake ni mizunguko 8,750 kwa dakika. Ukiwa na injini kubwa ya cc 1,000 inayotembea polepole, 270 ni raha tupu. Ukiwa na injini ndogo inayopiga kelele hadi 8,750, ule 1.41 utaulipia kwa uzito wa shafti ya kusawazisha, kwa mikono iliyokufa ganzi, na kwa boliti zinazolegea njiani.

Na uzito ndio ule ule uliofungwa na sheria! Kila gramu unayoongeza kutuliza mtetemo inaondoka kwenye kilo chache ulizobakiwa nazo. Ndiyo maana ninasema (na huu ni usomaji wangu, si tangazo lao) kwamba 135 ilitokana na daftari lilelile la 35 na 0.2. Hawakuichagua kwa ajili ya mlio peke yake. Walitaka tabia isiyo sawasawa kama ya V, bila kubeba mtetemo mzima wa 270. Hakuna cha bure, kutikisika kumepanda hadi 1.85, lakini kwenye injini nyembamba ambayo silinda zake ziko karibu karibu, hilo ni deni dogo.

Ningeweza kukisia haya kabla. Ndicho kinachoniuma. Hesabu ilikuwepo, kompyuta ilikuwepo, na hata historia ilikuwepo: F 800 GS yao ya 2008 ilikuwa 360, na badala ya shafti ya kawaida ya kusawazisha waliweka fimbo ya tatu inayobembea chini ya krenki. Watu waliofanya vile, kwa nini nikadhani watafuata msafara?

Na kama unadhani jibu ni moja tu, tazama majirani wa darasa hilo hilo. CFMOTO 450MT ina silinda mbili na 270. Kawasaki KLE500, iliyofunuliwa Milan mwezi ule ule wa Novemba 2025, ina cc 451 na 180. KTM 390 Adventure R na Himalayan 450 zimebaki na silinda moja. Sheria moja, barabara zile zile, majibu manne. Hapo ndipo palipokuwa na ubishi wa maana. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye farasi 60.

"Ni ya India"

Sasa yule wa tatu. Huyu simwachi.

F 450 GS inaundwa Hosur, katika jimbo la Tamil Nadu, kiwandani mwa TVS. Ushirikiano wao na BMW ulitiwa saini Aprili 2013, na G 310 R pamoja na G 310 GS zilitoka huko, na injini yao ya cc 313 iliyogeuzwa kichwa nyuma mbele. Mwenzangu aliposikia hivyo alicheka kama mtu aliyeonyeshwa saa bandia.

Siku hiyo alifika kazini vipi? Kwa boda. Boda ya aina gani? TVS. Na jioni? Boxer, ya Bajaj, ambao ndio wanaoziunda KTM 390 na Triumph za cc 400 hapo Chakan, karibu na Pune. Na KTM ya Austria ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni, Novemba 2024, fedha za kuinusua mwaka uliofuata zilitoka kwa nani? Bajaj. Norton ya Uingereza tangu 2020 ni ya nani? TVS.

Pikipiki hizi za India zimebeba abiria watatu na gunia la mahindi, kupanda milima ya Murang'a na kushuka mabonde ya Pokot, mvua na jua, mafuta yakibadilishwa fundi akikumbuka. Hakuna maabara ya majaribio duniani yenye ukatili wa stendi ya boda. Kama kuna watu wanaostahili kucheka saa bandia, ni wale wa Hosur wakitutazama sisi tunaodharau mkono unaotulisha.

Je, hiyo inathibitisha kwamba F 450 GS itadumu? La, na sitasema hivyo. Injini ya boda ni ya polepole, rahisi, inapozwa kwa upepo. Hii inazunguka hadi 8,750, ina maji na mgandamizo wa 13 kwa 1. Kwamba kampuni inajua kutengeneza jembe si ushahidi kwamba itajua kutengeneza upasuaji. Lakini swali la kuuliza ni lile la injini, si la pasipoti yake.

Basi tukisie nini?

Pikipiki nyingine za aina hii zinakuja, huwa hazikosi. Picha zenye ukungu zitasambaa, watu watazungushia duara jekundu bomba la moshi. Kabla hujanitumia, jibu maswali haya:

1. Inauzwa wapi kwanza, na sheria ya huko inasemaje? Hapo utapata nguvu na uzito bila kupiga ramli.

2. Krenki itapishana vipi, na kwa nini? Ukishajua cc na kilele cha mizunguko, unaweza kuipigia hesabu. Nilikosea mimi kwa uvivu, usikosee wewe.

3. Klachi? Hili hakuna aliyeligusa, na kwangu ndilo lilikuwa habari kubwa kuliko zote. BMW wameweka kwenye pikipiki hii kitu wanachokiita Easy Ride Clutch: mizunguko ikishuka klachi inajiachia yenyewe, injini haizimiki, na bado gia unazipiga kwa mguu. Wazo la klachi inayofunguka kwa mzunguko lilikuwa kwenye Honda Super Cub mwaka 1958. Anayejua mchanga wa lugga au mawe ya mteremko wa Suguta ajiulize: ukiwa umesimama wima kwenye vikanyagio na tairi la mbele linaruka, utataka nguvu farasi 12 za ziada, au injini isiyokuzimikia?

4. Kompyuta ya injini nani ataifungua? Hapa ninaongea kama mtu wa kazi yangu. Fundi wa Maralal anaweza kuifungua krenki ya aina yoyote, iwe 270 au 135, akiwa na spana na subira. Hawezi kufungua programu iliyofungwa. Taa ya njano ikiwaka kilomita 300 kutoka kwa mwenye kifaa cha kusoma kosa, nguvu zako zote 48 ni sawa na sifuri. Katika ubishi wote ule wa mwaka mzima, sikusikia hata mtu mmoja akiuliza swali hili. Hata mimi, ambaye hula kwa kuandika programu, sikuuliza.

Hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Tunaishi mahali ambapo pikipiki si mchezo wa Jumapili. Ndugu zetu wengi wanakula kwa pikipiki, na wachache wetu wenye ndoto za Turkana tunategemea mafundi walewale wanaotengeneza za hao ndugu. Tukiendelea kupimana kwa farasi na kucheka pasipoti, watengenezaji watatujibu kwa farasi na beji. Tukiuliza kuhusu mtetemo, joto, klachi, spea na programu iliyo wazi, huenda siku moja mtu wa Hosur akasikia. Yeye ndiye ametuuzia hizi zote tulizo nazo, masikio anayo.

Naam. Nimetua mzigo. Hapo chini ni uwanja wenu. Anayesema hesabu yangu ya 135 ina kosa, alete hesabu yake, si kelele. Safari hii sitaweka dau la mbuzi, bajeti ya mwezi haijapona. Nitaweka chai na mandazi.

Wiki ijayo: hifadhidata, naahidi.